Programu ya Sala na Novena: Pale “Utuombee” Inapogeuka Kuwa “Nipe”

Nimeitumia programu hii ya sala kwa muda wa miezi minane, karibu kila siku, na ninaandika tathmini hii baada ya kukamilisha novena nne, yaani sala za siku tisa mfululizo, kusali litania zake zote, zile sala za kuitikizana, na kuusoma ukurasa wake wa maswali na majibu neno kwa neno. Niliipakua kwa sababu moja tu: nilitaka sala zangu zikae mahali pamoja, ndani ya simu, nisilazimike kubeba vijitabu vitatu vilivyochakaa kila niendapo. Sikuwa nikitafuta mafundisho ya dini. Hata hivyo, chombo kinachomwekea mtu maneno kinywani asubuhi, mchana na jioni humfundisha hata kama hakuomba kufundishwa, na kwa hiyo sehemu kubwa ya tathmini hii haitahusu rangi za skrini wala kasi ya programu kufunguka. Itahusu maneno yenyewe, pamoja na swali ambalo Wakristo wamelijadili kwa karne nyingi: je, mtumiaji anaongozwa kumwomba Mungu akiwa pamoja na watakatifu, au anazoezwa kuwaomba watakatifu badala ya Mungu? Jibu linategemea sehemu aliyoifungua, na tofauti kati ya sehemu moja na nyingine ni kubwa kiasi kwamba nimeshawishika kuamini kuwa hazikuandikwa na mkono mmoja.

Mambo ya ufundi niyamalize upesi, kwa kuwa hayana kasoro kubwa. Programu inafanya kazi bila intaneti ukishapakua sala mara ya kwanza, herufi zinaweza kukuzwa mpaka mzee asiyeona vizuri akazisoma bila miwani, na sauti ya msomaji wa rozari ni tulivu, haina haraka. Matangazo ya biashara hayaingii katikati ya sala. Huonekana kwenye ukurasa wa mwanzo tu, jambo ambalo ninaliheshimu. Sehemu ya kutafuta ni nzito kidogo, na ukiandika “Yusufu” haikuletei “Yosefu”.

Sehemu ya litania ndiyo bora kuliko zote, na ni dhahiri kwamba imetayarishwa na mtu aliyejua anachokifanya. Katika Litania ya Watakatifu Wote, msomaji huanza na Mungu: Baba wa mbinguni, Mwana Mkombozi wa dunia, Roho Mtakatifu, Utatu Mtakatifu, na kila anapotajwa mmoja huitikiwa “utuhurumie”. Kisha wanafuata Maria, malaika, manabii, mitume na mashahidi, na kuanzia hapo kiitikio hubadilika kuwa “utuombee”. Programu imevipa viitikio hivyo viwili rangi tofauti, cha kwanza chekundu na cha pili buluu, nami mwanzoni nilidhani ni pambo. Baadaye nilitambua kwamba rangi hizo zimebeba hoja nzima. Thoma wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa Kanisa Katoliki aliyefariki mwaka 1274, alipojiuliza kama inafaa kumwomba yeyote asiyekuwa Mungu, alijibu kwa kuitazama litania hiyohiyo. Sala, alisema, hupelekwa kwa mtu kwa namna mbili: ama ili yeye mwenyewe aitimize, ama ili sisi tupate jambo kwa njia yake. Kwa namna ya kwanza anaombwa Mungu peke yake, na kwa namna ya pili wanaombwa watakatifu. Ndiyo maana tunauomba Utatu Mtakatifu utuhurumie, ilhali watakatifu tunawaomba watuombee.

Kiswahili kimejaliwa katika jambo hili kuliko lugha nyingi. Kitenzi “omba” kikiongezewa irabu moja tu na kuwa “ombea”, mwelekeo wa sentensi nzima hubadilika: yule tunayemwita hayuko tena upande wa mtoaji, amehamia upande wetu, naye ananyoosha mikono pamoja nasi. Mtu anayesema “Mtakatifu Yosefu, utuombee” amekwisha kukiri, kwa sarufi tupu, kwamba yuko mwingine anayeombwa na anayetoa. Salamu Maria yenyewe, ambayo wengi huitaja kama ushahidi kwamba Wakatoliki wanamwabudu Maria, haina ombi lolote isipokuwa hilo: “utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu”. Nusu yake ya kwanza ni salamu ya malaika na ya Elizabeti kutoka Injili ya Luka. Waandishi wa sehemu ya litania wameuelewa mpaka huu na hawakuuvuka hata mara moja. Kosa nililoliona ni la tarehe tu. Litania ya Loreto, iliyoidhinishwa na Papa Sixtus wa Tano mwaka 1587, imewekewa yale maombi matatu aliyoyaongeza Papa Fransisko mwaka 2020, likiwemo lile linalomwita Maria faraja ya wahamiaji, lakini Litania ya Mtakatifu Yosefu imeachwa katika sura yake ya mwaka 1909, bila majina saba yaliyoongezwa mwaka 2021.

Ukitoka kwenye litania ukafungua sehemu ya novena, unaingia katika nyumba nyingine kabisa. Ukurasa wa kwanza unakuuliza, “Una shida gani?” na chini yake ipo orodha ya kuchagua: ugonjwa, deni, ndoa, mtihani, kitu kilichopotea, jambo lisilowezekana. Ukigusa shida, programu inakuletea mtakatifu wake: Antoni wa Padua kwa vilivyopotea, Yuda Tadei na Rita wa Cascia kwa yaliyoshindikana, na wengine kwa mengine. Mapokeo ya kuwahusisha watakatifu fulani na mahitaji fulani ni ya zamani nami siyakatai. Seremala anayemkumbuka Yosefu anapoanza kazi hafanyi jambo la ajabu. Lakini mpangilio huu unafanana na ofisi ambamo kila dirisha lina mhudumu wake, na jina la Mungu halionekani popote katika ukurasa huo. Nilihesabu. Katika novena niliyoisali mwezi wa pili wa kuitumia programu, jina la mtakatifu lilitajwa mara 14 kila siku, jina la Yesu mara 2, na Baba hakutajwa kabisa mpaka tulipofika kwenye Baba Yetu ya kufungia.

Vitenzi navyo vimebadilika. “Nipe kazi.” “Niondolee deni hili.” “Usiniache, maana sina mwingine wa kumkimbilia.” Sentensi hiyo ya mwisho nilikuwa nimeisali siku tatu mfululizo kabla sijayasikia maneno yaliyokuwa yakitoka kinywani mwangu. Sina mwingine? Mtakatifu niliyekuwa nikimwambia hivyo alikufa akimkiri Kristo, na kama kuna jambo moja ambalo asingetaka kulisikia kutoka kwa Mkristo, basi ni hilo.

Ni haki niseme pia kwamba si kila ombi linalotamkwa moja kwa moja kwa mtakatifu ni kosa, na anayetaka kuipima programu hii kwa vitenzi pekee atajikuta amewahukumu Wakristo wa kale. Sala ya “Tunaukimbilia ulinzi wako”, inayomwomba Mzazi Mtakatifu wa Mungu, yaani Maria, atuokoe kila tuingiapo hatarini, ipo kwa Kigiriki katika kipande cha papirusi kilichopatikana kutoka Misri na kuingia katika maktaba ya John Rylands ya Manchester mwaka 1917. Wataalamu hawakubaliani juu ya umri wake, wengine wakikiweka katika karne ya 3 na wengine karne kadhaa baadaye, lakini hakuna anayekiona kuwa kitu cha juzi. Waorthodoksi nao huimba katika ibada zao “Mzazi-Mungu mtakatifu kabisa, utuokoe” bila kusitasita. Tofauti ni kwamba kilio hicho, kinapoimbwa kanisani, kimezungukwa na sala kadhaa za Utatu Mtakatifu, na mwenye kukiimba hawezi kukosea wokovu unatoka wapi. Katika simu, kila sala inasimama peke yake kwenye ukurasa wake, na inasomwa na mtu aliye peke yake, mara nyingi akiwa na hofu. Sala iliyong'olewa katika shamba lake inahitaji uangalifu zaidi kuliko ile iliyobaki shambani, na hapa uangalifu huo haukuwepo.

Yaliyonikera kuliko yote ni arifa. Siku ya tano ya novena yangu ya tatu nilikuwa nauguza mgonjwa, nikasahau kusali. Usiku wa manane simu ikalia: “Umekosa siku ya 5. Novena yako imekatika. Anza upya ili upate ulichokiomba.” Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa kuwa niliona mkono wangu ukienda kwenye kitufe cha kuanza upya. Novena asili yake ni zile siku kati ya Kupaa kwa Bwana na Pentekoste, ambapo mitume, pamoja na wanawake na Maria mama yake Yesu, walidumu katika kusali, kama inavyosimuliwa katika sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume. Walikuwa wakingojea ahadi iliyokwisha kutolewa; hawakuwa wakitimiza hesabu ili walipwe. Programu imeigeuza subira hiyo kuwa mkataba wenye adhabu, na mtakatifu kuwa karani wa mahudhurio.

Mwishoni mwa novena mbili kuna jambo baya zaidi: maandishi yanayodai kwamba sala hiyo “haijawahi kushindwa”, yakifuatiwa na agizo la kuituma kwa watu 9 kabla ya siku ya mwisho, na kitufe cha kuituma papo hapo. Wenye umri wangu watakumbuka barua za mnyororo za aina hiyo zilizokuwa zikinakiliwa kwa mkono. Zimebadili nguo tu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, katika kikao chake cha 25, mwezi wa Desemba mwaka 1563, ulifundisha kwamba ni jambo jema na lenye manufaa kuwaomba watakatifu kwa unyenyekevu, na kuukimbilia msaada wao ili kupata fadhila za Mungu kwa njia ya Mwanawe Yesu Kristo, ambaye peke yake ni Mkombozi na Mwokozi wetu. Amri hiyohiyo iliagiza kwamba ushirikina wote katika kuwaomba watakatifu uondolewe, na kila tamaa chafu ya fedha ikomeshwe. Watengenezaji wa programu wamenukuu nusu ya kwanza kwenye ukurasa wa utangulizi, tena kwa herufi za kupendeza, na nusu ya pili wameiacha.

Nilipochunguza zaidi, nilipata maelezo ya ile mikono miwili niliyoishuku. Sheria ya Kanisa Katoliki, katika kanuni ya 826, inataka vitabu vya sala vya kutumiwa na waamini, hadharani au faraghani, visitolewe bila ruhusa ya Ordinari wa mahali, ambaye kwa kawaida ni askofu. Chini ya kila litania katika programu hii imeandikwa ruhusa hiyo ilitoka katika kitabu gani. Chini ya novena hakuna kitu. Zimekusanywa, kwa kadiri ninavyoweza kuona, kutoka kwenye vipeperushi visivyo na mwandishi, na baadhi yake zimefasiriwa na mtu ambaye haoni tofauti kati ya kuheshimu na kuabudu, kwa kuwa katika sehemu moja mtumiaji anaambiwa “tumwabudu Mtakatifu Antoni”. Mtaguso wa Pili wa Nisea ulikwisha kutenganisha mambo hayo mawili mwaka 787: ibada ya kuabudu ni ya Mungu peke yake, na heshima inayotolewa kwa watakatifu na picha zao ni kitu kingine. Kwa kosa la namna hiyo siwezi kusema “ni la tafsiri tu”. Mtoto wa kipaimara akilisoma, atalibeba.

Ukurasa wa maswali na majibu ndio uliofanya nichelewe kuandika tathmini hii, maana hapo programu inajaribu kueleza kwa nini Wakristo wengine hawawaombi watakatifu. Swali limeulizwa hivi: “Kwa nini Waprotestanti wanawakataa watakatifu?” Nilimwonyesha shemeji yangu, ambaye ni mchungaji wa Kilutheri. Alisoma mistari mitatu, akavua miwani. “Shemeji,” akaniambia, “hawa wamekosea kabla hata hawajaanza kujibu.”

Ana haki. Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri la mwaka 1530, katika kifungu chake cha 21, linafundisha kwamba watakatifu wakumbukwe ili tuifuate imani yao na matendo yao mema, kila mtu kwa kadiri ya wito wake. Linachokikataa ni kuwaita na kuwaomba msaada, kwa hoja kwamba Maandiko yanamweka mbele yetu Kristo peke yake kuwa mpatanishi. Utetezi wa Ungamo hilo, ulioandikwa na Philipp Melanchthon, unakubali hata kwamba malaika hutuombea, na kwamba watakatifu walioko mbinguni huliombea Kanisa kwa ujumla. Kwa hiyo Mlutheri makini habishani nasi juu ya kama Petro anatuombea. Anauliza ni wapi Mungu alipotuagiza tumwite Petro, na ni ahadi gani iliyotolewa kwamba mwito huo utasikika. Hilo ni swali jembamba na zito, na programu imelipita bila kuliona. Ingeweza hata kusimulia kwamba Luther mwenyewe, alipopigwa na dhoruba ya radi karibu na Stotternheim mwaka 1505, alimlilia Mtakatifu Anna na kuahidi kuwa mtawa, na kwamba miaka 32 baadaye, katika Makala za Schmalkalden, aliorodhesha kuwaomba watakatifu miongoni mwa matumizi mabaya yanayopingana na kumjua Kristo. Mtu aliyekataa jambo alilolifanya kwa moyo wake wote anastahili kusikilizwa kuliko anavyosikilizwa hapa.

Tena, wote wasio Wakatoliki wametiwa katika kapu moja. Warekebishaji waliomfuata Calvin walikuwa wakali zaidi: Katekisimu ya Heidelberg, iliyotolewa mwaka uleule wa 1563 ambao Trento ilitoa amri yake, inaweka kuwaomba watakatifu pamoja na ushirikina na uchawi katika mambo ambayo amri ya kwanza inamtaka Mkristo ayakimbie. Waanglikana wana kifungu cha 22 katika vile vifungu vyao 39, kinachoyakemea mafundisho ya Kirumi juu ya jambo hili, na bado wamo Waanglikana wanaosali Salamu Maria kila siku. Wapentekoste wengi hawaanzii kwenye makatekisimu. Wanaanzia Kumbukumbu la Torati sura ya 18, inayokataza kuwauliza wafu. Waorthodoksi wamepewa mistari miwili, na Wakopti na Waethiopia, ambao heshima yao kwa Maria na watakatifu ni ya kale na ya kina, hawakutajwa kabisa.

Katika kujibu hoja, programu inafanya vizuri mahali pawili. Kuhusu 1 Timotheo 2:5, isemayo kwamba mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, inaonyesha kwa usahihi kwamba sura hiyohiyo inaanza kwa kuagiza dua na maombezi yafanyike kwa ajili ya watu wote; kumbe kuombeana hakuugusi upatanisho wa Kristo, kunautegemea. Na kuhusu kuwauliza wafu, inatofautisha vyema kati ya mfalme Sauli, aliyemwendea mwanamke wa Endori ili ajue mambo ya kesho, na Mkristo anayewaomba walio hai katika Kristo wamwombee, kwa kuwa Mungu, kama Yesu alivyosema, si Mungu wa wafu bali wa walio hai.

Baada ya hapo inategemea mfano mmoja tu: kwamba kumwomba mtakatifu ni sawa na kumwomba rafiki akuombee. Shemeji aliuvunja mfano huo kwa sentensi moja: “Rafiki yangu ananisikia kwa sababu yuko karibu nami; huyu wa mbinguni, watu elfu wakimwita kwa pamoja, anawasikiaje asipokuwa Mungu?” Programu haina jibu, ingawa mapokeo yetu yanalo. Thoma alisema kwamba watakatifu huyajua maombi yetu kwa kuwa wanayaona katika Mungu wanayemtazama, si kwa kuwa wana masikio yanayofika kila mahali. Ufunuo 5:8 inawaonyesha wale wazee ishirini na wanne wakiwa na vitasa vya dhahabu vilivyojaa manukato, ambayo ni maombi ya watakatifu. Augustino, askofu wa Hippo, aliyeamini kabisa kwamba mashahidi huwasaidia wanaowaita, alikiri katika maandishi yake juu ya kuwatunza wafu kwamba namna msaada huo unavyofika inazidi uwezo wa akili yake. Ningefurahi kuona ukiri huo katika programu. Badala yake tunapewa kitabu cha pili cha Makabayo, sura ya 15, ambamo nabii Yeremia anaonekana akiwaombea watu baada ya kifo chake, bila hata neno moja la kumwarifu msomaji kwamba Waprotestanti hawakihesabu kitabu hicho katika Maandiko, na kwamba hoja iliyojengwa juu yake haiwezi kumsogeza asiyekikubali. Isaya 63:16, inayosema Abrahamu hatujui, na Mhubiri 9:5, isemayo wafu hawajui neno lolote, ambazo ndizo utakazosomewa mlangoni na jirani yako, hazimo.

Kisha, katika jibu la mwisho, inakuja sentensi iliyoninyang'anya nyota moja niliyokuwa nimeiweka akiba: “Mungu ni mkuu mno, mtu mdogo humfikia mfalme kwa kupitia mjumbe.” Hapo neno “badala” limeingia kwa mlango wa mbele. Anayeamini hivyo hawezi kusali Baba Yetu, sala ambayo Bwana aliifundisha ili mtu mdogo amwite huyo Mkuu kwa jina la Baba, wala hawezi kuitikia Waebrania 4:16, inayotualika tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri. Wala si fundisho la Kanisa Katoliki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulisema kwamba kazi ya Maria kwa wanadamu haifichi wala haipunguzi kwa namna yoyote upatanisho wa pekee wa Kristo, bali huonyesha nguvu yake. Watakatifu wanatuombea kwa sababu Mungu amewaleta karibu naye na karibu nasi kwa pamoja. Hawakuwekwa mlangoni kwa sababu yeye yuko mbali.

La kushangaza ni kwamba dawa ya kosa hili imo ndani ya programu yenyewe. Ukifungua kalenda, ukagusa sikukuu ya mtakatifu, ukashuka mpaka chini kabisa, utaikuta sala ya mwanzo ya Misa ya siku hiyo. Sala hizo, karibu zote, haziongei na mtakatifu hata kidogo. Zinaongea na Mungu Baba, zinamshukuru kwa kile alichokifanya katika mtumishi wake, zinaomba jambo moja kwa maombezi yake, na zinafungwa kwa njia ya Bwana wetu Yesu Kristo. Mtaguso wa Hippo wa mwaka 393 ulikwisha kuagiza kwamba altareni sala ielekezwe kwa Baba, na Misa ya Kilatini imeufuata mwelekeo huo hata katika sikukuu za watakatifu wanaopendwa kuliko wote. Kwa maneno mengine, Kanisa linapomkumbuka Antoni wa Padua linamwomba Mungu, na programu inapomkumbuka inamwomba Antoni. Na sala ya Kanisa imefichwa miguso mitatu chini ya ile ya kipeperushi.

Wasifu wa watakatifu ni mfupi na unasomeka. Tarehe nilizozihakiki ziko sawa, kwa mfano kwamba Antoni alifariki mwaka 1231 na kutangazwa mtakatifu mwaka uliofuata, na kwamba Rita, aliyefariki mwaka 1457, alingoja mpaka mwaka 1900. Ngano na historia zimechanganywa bila alama ya kuzitenga.

Ninaipa nyota tatu kati ya tano, zote tatu kwa ajili ya litania, kalenda na usomaji wa rozari. Mkatoliki aliyekwisha kufundwa vizuri ataifaidi, mradi aingie kwenye mipangilio siku ya kwanza na kuzima arifa za novena. Singempa mkatekumeni, yaani mtu anayejiandaa kubatizwa, kabla sehemu ya novena haijapitiwa upya na mtu mwenye mamlaka, na singeitumia kabisa kumwelezea Mprotestanti tunachoamini. Niliwaandikia watengenezaji nikiwaorodheshea haya. Walijibu baada ya wiki mbili kwamba maneno ya arifa yatabadilishwa katika sasisho lijalo, na juu ya sentensi ya mfalme na mjumbe hawakusema kitu. Kwa sasa kila ninapoanza novena ninatanguliza sala ya Misa ya mtakatifu huyo, na pale panapoandikwa “nipe” ninasema “niombee nipewe”, jambo linalovuruga urari wa sentensi lakini linaniacha nikiwa na amani.

Shemeji yangu naye ameipakua, kwa ajili ya zaburi na kalenda. Tukisali pamoja jioni huifuata litania kwa sauti kamili maadamu maandishi ni mekundu, na yanapogeuka kuwa ya buluu hunyamaza na kuninginiza kidole juu ya skrini, akinisubiri nimalize.